Kumfundisha Mtoto Hisia kwa Kadi za Nyuso

Katika mafunzo ya watoto wenye usonji hutumika sana kadi za nyuso. Aliyekunja ndita ameandikiwa "hasira"; aliyekodoa macho na kuachama kinywa ameandikiwa "woga". Mtoto hurudia mpaka azikariri. Hitaji ni la kweli, maana asiyetambua kwamba mwenzake amechukizwa hupata taabu kubwa mchezoni. Hata hivyo nashikilia kwamba kadi hizo humfundisha jambo ambalo uso wenyewe hausemi.

Chimbuko kubwa la wazo la kadi hizo ni utafiti wa wanasaikolojia Paul Ekman na Wallace Friesen miongoni mwa Wafore wa Papua New Guinea, uliochapishwa mwaka 1971. Mtu mzima alisimuliwa kisa kifupi, kisha akatakiwa kuchagua, kati ya picha tatu, uso unaolingana nacho. Wengi walichagua kama ilivyotarajiwa, na dai la kwamba hisia za msingi husomeka usoni kwa namna moja duniani kote likapata nguvu. Lakini tuiangalie kazi yenyewe. Majibu yalikwisha kupangwa mbele ya mshiriki. Alichobaki nacho ni kuondoa yasiyofaa. Na hata kwa msaada huo, Wafore hawakutofautisha uso wa woga na ule wa mshangao.

Maria Gendron na wenzake waliwaacha Wahimba wa Namibia wazigawe picha mafungu wapendavyo. Mafungu hayakufuata orodha ya Ekman ya hisia za msingi, na mara nyingi Wahimba walitaja vitendo tu: huyu anacheka, huyu anatazama. Matokeo ya Carlos Crivelli na wenzake ya mwaka 2016 kutoka visiwa vya Trobriand yananigusa zaidi. Uso ule wa macho yaliyokodolewa na kinywa wazi, ambao kadi huuita woga, vijana wa huko waliuona ni wa mtu mwenye hasira, anayetishia. Aogopaye na aogofyaye wamebadilishana nafasi! Karibu na Ziwa Eyasi nchini Tanzania, utafiti uliofanywa kwa Wahadzabe na kuchapishwa mwaka 2020 nao ulipata ushahidi haba wa usomaji mmoja wa nyuso kwa watu wote.

Je, uso haufundishiki? Unafundishika, ila katika mahusiano. Seth Pollak wa Marekani ameonyesha kwamba watoto waliopigwa nyumbani huitambua hasira kwa dalili chache kuliko wenzao, picha ikiwa bado haijakamilika. Hakuna aliyewakaririsha. Waliujua uso ule kwa yale yaliyoufuata.

Mtoto aliyekunja ndita darasani huenda anahangaika na hesabu ya kugawanya, au jua la dirishani linampiga machoni, au hakunywa chai asubuhi. Mwalimu anayemfahamu hutazama daftari, hutazama dirisha, kisha humwuliza. Mtoto mwenye usonji anastahili kufundishwa kwa njia hiyo hiyo: ni nini kilitangulia, sauti ikoje, mabega yamekaaje, na huyu kwa kawaida huwaje. Akishindwa kujua, afundishwe kuuliza waziwazi, "Umekasirika?" Na sisi watu wazima tuzoee kumjibu bila kumwona mkosefu wa adabu, hata pale swali linapotukuta tumekasirika kweli.