Ukurasa unakwama ukiscroll? Usilaumu bando kwanza, cheki GPU

Uko Tarasaa, jua la Tana Delta linachoma, feni ya lapi inalia kama posho mill. Fomu ya KUCCPS inafungwa leo usiku. Ukiscroll, ukurasa unakuja vipande vipande. Wengi wetu hukimbia kununua bando ingine. Lakini manze, kama ukurasa ushafunguka wote na bado unakwama, hiyo si network. Ni mashine.

Iko hivi
Skrini ya 1920 kwa 1080 ina doti zaidi ya milioni 2. Ndio mambo yaonekane laini, brauza inazichora upya mara 60 kila sekunde. Hiyo ni kama milisekunde 16 kwa kila picha. CPU ni fundi mkali, lakini mafundi wake ni wachache. GPU ni mbogi kubwa ya vibarua: kazi yao ni rahisi, ila wanachora wote kwa pamoja. Internet Explorer 9 na Firefox 4, zote za Machi 2011, ni kati ya brauza za kwanza kuwapa vibarua hao kazi kwa nguvu kwenye Windows.

Na si lazima uwe na kadi ya magemu. Lapi nyingi za Intel zina GPU ndani ya chipu ileile ya CPU.

Cheki yako
Kwa Chrome, andika chrome://gpu pale juu. Ukiona "Hardware accelerated" kwa mistari mingi, uko fiti. "Software only" kila mahali? CPU inabeba mzigo peke yake. Ingia Settings, kisha System, uwashe "Use graphics acceleration when available", halafu funga Chrome na uifungue tena.

Firefox iko chini ya General, sehemu ya Performance. Toa tiki ya kwanza ndio ile ya hardware acceleration itokee.

Imewashwa lakini bado?
Hapa ndio wenye lapi za ex-UK hushikwa. Windows ikiwekwa upya bila draiva ya GPU, vibarua hawaitwi kazini. Fungua Device Manager, angalia Display adapters. Ukipata "Microsoft Basic Display Adapter", draiva haipo. Itoe kwa tovuti ya kampuni iliyounda lapi yako, si kwa tovuti ya mtaani.

Wakati wa kuzima
Skrini ikiwa nyeusi, rangi zikicheza, ama video ikigeuka kijani, mara nyingi draiva ni mbovu. Zima ile swichi umalize fomu yako kwanza. Draiva utairekebisha kesho.

Usidanganywe
GPU haikuongezei network, wala haitaokoa lapi ya RAM 4GB yenye tabu 20 wazi. Funga hizo zingine, ubaki na fomu. Ikiteleza poa, bando umeokoa.