Majani ya Rusinga

Watu wengi huenda Rusinga kuona kaburi la Tom Mboya. Mimi nilienda kwa sababu ya majani. Si majani ya leo, maana vilima vya kisiwa kile vimebaki karibu uchi. Nasema yale yaliyoanguka miaka kama milioni 18 iliyopita.

Ziwa Victoria halikuwepo. Palikuwa na volkano, Kisingiri, na majivu yake yalizika majani, matunda, mbegu, hata wadudu, vikageuka mawe kabla ya kuoza. Mwaka wa 1948 Mary Leakey alipata hapo fuvu la sokwe wa kale, Proconsul, ambaye siku hizi anaitwa Ekembo. Dunia ikashangilia fuvu. Mbegu nani azishangilie?

Lakini fuvu halikwambii kama kulinyesha. Jani linakwambia. Penye joto, aina nyingi za miti huwa na majani yenye kingo laini. Penye baridi, yale yenye meno kama msumeno huongezeka. Hesabu aina za kila kundi, upate kadirio la joto. Ukubwa nao huonyesha mvua, kwa kuwa penye ukame jani pana linapoteza maji bure. Yaani mtu anakaa na rula, anapima jiwe, anakadiria mvua ambayo hakuna binadamu aliyenyeshewa nayo.

Shida ni kwamba tabaka za Rusinga hazikubaliani. Moja ina matunda na majani ya miti iliyoachana, mingine ya kupukutisha majani. Nyingine ina visiki vya mawe, na mwaka wa 2014 watafiti waliovipima walionyesha kwamba matawi ya juu yaligusana: msitu mzito, na mifupa ya sokwe yule imo kwenye udongo uleule. Kwa hivyo kuuliza kama Rusinga ilikuwa msitu au la ni kama kuuliza kama Nairobi ina jua. Lini?

Halafu 2023 ikaja na nyasi. Kutoka maeneo kadhaa ya Kenya na Uganda, chembe za silika na alama za kaboni udongoni zilionyesha kwamba nyasi za joto, jamii ya mahindi na mtama, zilikuwepo tangu miaka milioni 21 hivi. Ilidhaniwa zilienea zaidi ya miaka milioni 10 baadaye. Na mimi shuleni nilipewa alama zote kwa kuchora msitu unakauka, nyasi zinaingia, sokwe anashuka mtini. Kumbe nyasi zilikuwepo kitambo, na sokwe bado yuko juu!

Kilimani niliokota kitu kama mbegu, nikakigeuzageuza, nikakirudisha palepale. Sheria hairuhusu kuondoka nacho. Na tena, kikishaingia mfukoni mwangu, nani atajua kilitoka tabaka ya msitu au ile ya miti iliyoachana?