Mvua ya Ozu na Mitumbwi ya Basotu

Mwaka 1959 mwongozaji wa Japani, Yasujiro Ozu, alitoa filamu iitwayo Ukigusa. Picha ya kwanza kabisa inaonyesha mnara wa taa ya kuongozea meli na, mbele yake, chupa iliyosimama ufukweni. Kikundi cha michezo ya jukwaani kinawasili katika mji mdogo wa wavuvi. Kiongozi wake, Komajuro, ana siri mjini hapo: alizaa na mwanamke mmoja, na kijana aliyezaliwa amekua akimwita mjomba.

Mtu wa kwetu Endasak, wilayani Hanang, hahitaji kuelezwa uzito wa neno hilo. Mjomba ni ndugu wa mama. Mtoto anayempa baba yake jina hilo ameshanyang'anywa kitu kabla hajajua kuuliza. Mpenzi wa sasa wa Komajuro akagundua siri hiyo, akaona wivu, akamlipa binti mwigizaji amtongoze kijana yule. Binti na kijana wakapendana kweli. Katika onyesho moja, Komajuro na mpenzi wake huyo wanatukanana kila mmoja chini ya kibaraza chake, mvua kubwa ikinyesha kati yao, na hakuna anayevuka barabara. Sijaona ugomvi wa wapendanao uliopigwa picha vizuri kuliko huo.

Ozu alikuwa ameshaisimulia hadithi hiyo mwaka 1934, katika filamu isiyo na sauti, akiiweka bara, milimani. Miaka 25 baadaye akaihamishia pwani. Kwa hiyo si bahari iliyoizaa hadithi ile. Ni familia.

Na sisi Watanzania tulianzaje na filamu? Mwaka 1935 Waingereza walifungua kituo cha kutengeneza filamu huko Vugiri, katika milima ya Usambara. Kufikia 1937 walikuwa wametoa filamu fupi zipatazo 35, nyingi zikiwa za mafunzo: ngozi, minyoo, malaria, kuweka akiba posta. Mwafrika alionekana ndani yake kama mwanafunzi. Mapenzi yake, na kilio cha mama yake, havikuwa somo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikaja filamu ya Muhogo Mchungu, ya mtu wa shamba anayeingia mjini. Aliyeicheza ni Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye Januari 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Baada ya uhuru, mwaka 1968, serikali ikaunda Kampuni ya Filamu Tanzania, lakini filamu ndefu zilizotoka zilikuwa chache.

Mapenzi na familia vilipata nafasi kubwa kwenye video. Filamu ya Girlfriend ilitoka mwaka 2003, kisha filamu za Bongo Muvi zikafurika vibandani, hadi huku kwetu chini ya Mlima Hanang. Mwigizaji Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, Dar es Salaam ilijaa waombolezaji. Walimlilia kama ndugu, kwa sababu aliingia majumbani mwao akiwa mume, mkwe na mtoto.

Mwaka 2021 mwongozaji Amil Shivji alionyesha huko Toronto filamu yake Vuta N'kuvute, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi: binti Yasmin anakimbia ndoa ya kupangiwa, Zanzibar ya miaka ya 1950. Hapo bahari, siasa na mapenzi vilikaa pamoja, na nilifurahi sana.

Hata hivyo, Bongo Muvi nyingi nilizotazama zinaanzia getini na kuishia sebuleni, kwenye nyumba ya tajiri wa mjini. Ninazipenda, lakini zimetuzoesha kudhani kwamba penzi linahitaji makochi. Wakati huohuo Ziwa Basotu lipo wilaya hii hii ya Hanang, na kuna wavuvi. Kuna Wairaqw, Wadatoga na wageni waliokuja kutafuta riziki, wanaooana, wanaokataliana mahari, wanaosubiriana mtumbwi ukichelewa.

Waongozaji wetu, Basotu inawasubiri. Njooni na kamera, mkae angalau msimu mmoja, na mwaajiri waigizaji wa hapa, wazungumze kwa lafudhi yao wenyewe.