Kikopti na Kuenea kwa Ukristo Vijijini Misri

Ukristo wa kwanza nchini Misri ulisema Kigiriki, lugha ya Iskandaria na ya serikali. Mkulima wa bonde la mto Naili alisema Kimisri, na mwandiko wa lugha hiyo, Kidemotiki, ulikuwa umebaki karibu wote mikononi mwa makuhani wa mahekalu. Basi dini hiyo ilimfikiaje?

Jibu lililozoeleka ni kwamba aliandikiwa Maandiko kwa Kikopti, yaani Kimisri kilichoandikwa kwa herufi za Kigiriki pamoja na alama sita au saba zilizotokana na Kidemotiki. Jibu hili lina ukweli, ila latanguliza kitabu mbele ya sauti. Athanasius asimulia kwamba Antonius, kijana wa kijijini (wala si maskini, kwani alirithi mashamba mengi), aliingia kanisani, yapata mwaka 270, akasikia Injili ikisomwa juu ya kuuza mali na kuwapa maskini, akatoka, akauza. Kwa simulizi hiyo hiyo, Antonius alihitaji mkalimani kila alipozungumza na Wagiriki. Alichokisikia kanisani, basi, alikisikia kwa Kimisri, ama kilisomwa kitabuni ama kilifasiriwa papo hapo kwa mdomo. Mimi naelekea kwenye dhana hii ya pili.

Hata hivyo, lugha haitoshi kuwa sababu. Wafuasi wa Mani nao walikuwa na vitabu na barua za Kikopti huko Kellis katika karne ya 4, lakini dini yao haikuvishika vijiji vya Misri. Yafaa tutazame matendo. Maradhi ya kuambukiza yalipoipiga Iskandaria katikati ya karne ya 3, askofu Dionysius aliandika kwamba Wakristo waliwauguza wagonjwa na kuwazika wafu, wengi wao wakafa kwa kufanya hivyo, hali wengine waliwatupa wagonjwa wao njiani. Shahidi huyu ana upande wake, ndiyo; lakini mgonjwa aliyepewa maji hakuhitaji mkalimani. Dionysius huyo huyo alikwenda wilaya ya Arsinoe, akajadiliana siku tatu na makasisi na walimu wa vijijini. Vijiji vilikwisha kuwa na walimu wao.

Kitabu kilifuata. Pachomius, aliyeanzisha monasteri Tabennisi yapata mwaka 323, aliacha kanuni kwamba aingiaye asiyejua kusoma afundishwe, hata kama hataki.