Vinu vya bati vya Dartmoor na tope lililofika bungeni

Mto Meavy unapoteremka kutoka nyika ya Dartmoor, kusini-magharibi mwa Uingereza, hupita kwenye maporomoko madogo yaitwayo Black Tor Falls. Chini ya maporomoko hayo, kila ukingo wa mto una gofu lake. Kuta ni za graniti zilizopangwa kwa mkono, nyingi zimebomoka, lakini gofu mojawapo bado lina kizingiti juu ya mlango wake, nacho kimechongwa alama ya XIII. Karibu na kuta yamelala mawe mazito yenye vishimo vya mviringo, viwili viwili, vilivyolainishwa kwa mapigo yasiyohesabika.

Magofu ya namna hii yametapakaa kwenye mabonde ya Dartmoor. Yako Merrivale kando ya mto Walkham, yako Week Ford, yako Yealm Steps. Hayana minara wala sanamu, na mpita njia asiyeambiwa anaweza kudhani ni mazizi ya zamani. Kumbe hapa ndipo mawe yaliyochimbwa nyikani yalipochenjuliwa yakawa bati. Bati lilikwenda kwa wafanyabiashara wa mijini na ushuru wake ukaingia katika hazina ya mfalme. Tope lilibaki mtoni, likateremka hadi bandarini. Ugomvi uliozuka juu ya tope hilo ulifika Bunge la Uingereza mwaka 1512 na kuacha sheria ambayo wazao wake wanaishi hadi leo Dodoma na Nairobi.

Utajiri uliolala mtoni

Graniti ya Dartmoor ilipanda kutoka chini ya ardhi ikiwa moto na kuganda miaka milioni 280 hivi iliyopita. Katika nyufa zake, maji moto yaliyobeba madini yaliacha mishipa ya miamba yenye kasiteraiti, jiwe jeusi au la kahawia ambalo ndilo asili ya bati. Mvua na barafu zilipoimomonyoa miamba hiyo kwa maelfu ya miaka, mito ilichukua mchanga mwepesi na kuacha chembe za kasiteraiti mabondeni, kwa sababu kasiteraiti ina uzito wa karibu mara 7 ya maji, na mchanga wa kawaida haufiki hata mara 3.

Tofauti hiyo ya uzito ndiyo siri ya kazi yote. Wachimbaji wa kwanza walifukua changarawe ya mabondeni na kuipitishia maji ya mfereji: kilicho chepesi kilikwenda na maji, kilicho kizito kilibaki. Hesabu za hazina ya mfalme zinaitaja kazi hii ya Devon kuanzia mwaka 1156, na makorongo pamoja na vichuguu vya kokoto walivyoviacha bado vinaonekana kando ya karibu kila kijito cha nyika hiyo.

Soko halikukosekana. Bati likichanganywa na shaba huleta metali ngumu ya kengele na mizinga, na likiwa sehemu kubwa ya mchanganyiko hutoa sahani na vikombe vilivyotumika Ulaya nzima kabla ya vyombo vya kaure kuwa rahisi. Kadiri changarawe nzuri ya mabondeni ilivyozidi kupungua, wachimbaji waliufuata mwamba wenyewe. Hapo wakakutana na shida mpya: bati la mwambani limefungwa ndani ya jiwe gumu, na haliwezi kuoshwa mpaka lisagwe.

Mchi unaoinuliwa na mto

Jawabu lilikuwa kinu na mchi, vilevile kama vya nafaka, ila mtwangaji alikuwa mto. Mafundi walichepusha maji kwa mfereji mwembamba uliofuata mkunjo wa kilima, wakayaangusha juu ya gurudumu la mbao. Ekseli ya gurudumu ilikuwa na meno. Kila jino lilipopita liliinua gogo refu lililosimama wima, lenye kichwa cha chuma, kisha likaliachia lianguke kwa uzito wake. Chini yake kulikuwa na jiwe la graniti, na juu ya jiwe hilo mawe ya bati yalipondwa.

Vichwa vya chuma viliponda bati, na jiwe la chini nalo likaliwa. Kidogo kidogo vishimo viliingia ndani ya graniti, na vikizidi kina mapigo yakawa hayafai tena. Mafundi hawakulitupa jiwe. Walilipindua wakatumia upande mwingine, na kuna mawe yaliyotobolewa vishimo kwenye zaidi ya uso mmoja. Kwa mtafiti jiwe la namna hiyo ni daftari. Idadi ya vishimo inaonyesha magogo mangapi yaliponda pamoja, na kina chake kinaonyesha jinsi jiwe lilivyotumika kabla ya kuachwa.

Mwanzoni mawe yalipondwa yakiwa makavu, kisha unga wake ulisagwa upya kati ya mawe mawili ya duara, moja likizunguka juu ya jingine. Katika karne ya 16 ulienea mtindo wa kuponda kwa maji: mkondo ulipitishwa kwenye kinu chenyewe, ukachukua unga laini kupitia kichujio na kuumwaga kwenye mashimo ya kutulizia. Georgius Agricola, msomi wa Kijerumani, alieleza na kuchora mitambo ya jinsi hii katika kitabu chake cha madini kilichochapishwa mwaka 1556. Kuponda kwa maji kuliokoa muda na kufanya mawe ya kusagia yasihitajike, lakini kuliongeza jambo moja ambalo wenye vinu hawakulipa uzito: tope laini zaidi, lililosafiri mbali zaidi.

Katika mashimo yale unga uliwekwa kwenye mteremko na kuoshwa tena na tena. Makinikia meusi yaliyobaki ndiyo yaliyokwenda motoni. Marudio, yaani mabaki yasiyo na bati, yalirudishwa mtoni.

Tanuri na paa lenye thamani

Tanuri lilikuwa nguzo fupi ya graniti iliyo wazi katikati, iliyojazwa makinikia na mkaa kwa zamu. Mkaa ulichomwa kutokana na udongo mweusi wa mimea iliyooza, ambao nyika hiyo inao kwa wingi kuliko miti. Gurudumu la pili la maji liliendesha mivukuto miwili mikubwa, mmoja ukivuta hewa wakati mwingine ukisukuma, ili moto usipungue. Bati lililoyeyuka lilichuruzika hadi kwenye jiwe lenye beseni, likachotwa na kumiminwa katika kalibu iliyochongwa kwenye graniti, likaganda kuwa mkuo. Kalibu hizo bado zimelala katika baadhi ya magofu, na vipimo vyake vinaonyesha ukubwa wa mikuo iliyotoka humo.

Richard Carew, mwandishi wa Cornwall aliyechapisha kitabu juu ya nchi yake mwaka 1602, alieleza kuwa vumbi la bati lililopeperushwa na mivukuto lilinasa kwenye nyasi za paa. Kila baada ya miaka 7 au 8 wenye nyumba waliichoma nyumba nzima, wakakusanya majivu, na bati lililopatikana likatosha kujenga nyumba mpya na ziada ikabaki. Watu waliokuwa tayari kuchoma paa ili wasipoteze vumbi waliijua thamani ya kila chembe. Ndiyo maana inaumiza kuona jinsi walivyoyajali kidogo mashamba na bandari za wenzao.

Wachimbaji wenye mahakama yao

Mfalme alihitaji bati, kwa hiyo alimpa mchimbaji haki ambazo mkulima hakuwa nazo. Mwaka 1201 Mfalme John alitoa hati ya kuwalinda wachimbaji, na mwaka 1305 Edward I akaipanua. Waliruhusiwa kuchimba na kuchepusha maji kwenye ardhi ya watu wengine, waliepushwa kodi za kawaida, na kesi zao nyingi zilisikilizwa katika mahakama zao wenyewe. Kwa kubadilishana na haki hizo, kila mkuo ulipaswa kupelekwa kwenye mji maalumu, Tavistock, Ashburton au Chagford, na baadaye Plympton. Huko kona yake ilikatwa ili kupima ubora, ushuru ukalipwa, ndipo uuzwe. Utaratibu huo ulidumu hadi mwaka 1838.

Wachimbaji wa Devon walikuwa hata na bunge lao. Lilikutana uwanjani, kwenye kilima cha Crockern Tor katikati ya nyika, na kumbukumbu za kikao cha kwanza kinachojulikana ni za mwaka 1494. Kila mmoja wa miji ile minne ulipeleka wajumbe 24. Gereza lao lilikuwa ngome ya Lydford, ambayo hadi leo inasimama ukingoni mwa nyika.

Mbunge aliyefungwa kwa sababu ya tope

Richard Strode alikuwa mbunge wa Plympton, mji uliokuwa ukiiona njia yake ya bahari ikijaa mchanga wa migodini. Yeye mwenyewe alikuwa na maslahi katika bati, lakini mwaka 1512 alishiriki kupeleka bungeni miswada ya kuwazuia wachimbaji wasiharibu bandari za Devon. Mahakama za wachimbaji hazikumsamehe. Zote nne zilimtia hatiani, kila moja ikamtoza pauni 40, jumla pauni 160. Alipokataa kulipa, alikamatwa na kutupwa katika shimo la Lydford, akakaa humo wiki tatu hivi kabla ya kutolewa.

Bunge lilijibu kwa sheria. Lilifuta hukumu zote dhidi ya Strode, kisha likaenda mbali zaidi: likatamka kuwa mashtaka yoyote dhidi ya mbunge yeyote, wa wakati ule au wa baadaye, kwa sababu ya muswada alioupeleka au maneno aliyoyasema bungeni, ni batili.

Sheria hiyo haikukaa salama. Sir John Eliot, mbunge kutoka Cornwall, alipofungwa na Mfalme Charles I baada ya vurugu za bungeni za mwaka 1629, majaji walisema sheria ya Strode ilimhusu Strode peke yake. Eliot alifia gerezani katika Mnara wa London mwaka 1632. Ilichukua hadi mwaka 1667 kwa Bunge kutamka kwamba sheria ile ilikuwa ya wabunge wote, na mwaka 1689 kanuni yenyewe ikaandikwa katika Sheria ya Haki ya Uingereza. Kutoka hapo ilisafiri na mfumo wa mabunge hadi kwetu. Ibara ya 100 ya Katiba ya Tanzania na Ibara ya 117 ya Katiba ya Kenya zinailinda kauli ya mbunge ndani ya Bunge.

Tope nalo halikukoma. Mwaka 1585 Bunge lilipitisha sheria ya kuiruhusu Plymouth kuchimba mfereji wa kuleta maji mjini kutoka mto Meavy, mto uleule wa Black Tor Falls. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ilikuwa kuisafisha bandari iliyokuwa ikijaa mashapo ya migodi ya bati. Kazi ilikabidhiwa kwa Francis Drake, baharia mashuhuri, na maji yakafika Plymouth mwezi wa Aprili 1591 baada ya safari ya kilomita 27 hivi.

Magurudumu yanyamaza

Katika karne ya 17 uzalishaji wa Devon ulishuka sana. Ulifufuka mwishoni mwa karne ya 18 na katika karne ya 19, safari hii kwa makampuni yenye hisa. Mgodi wa Eylesbarrow ulikuwa na vinu kadhaa na nyumba yake ya kuyeyushia, kisha ukafungwa katikati ya karne ya 19. Bati la Malaya na Bolivia lilipofurika sokoni, nyika haikuweza kushindana. Mgodi wa Golden Dagger ulimaliza kazi mwaka 1930, na kwenye bonde lake bado kuna mashimo ya duara ya kuoshea yaliyotumika hadi mwisho.

Mawe mengi ya vinu yaliishia kwenye kuta za mashamba na nguzo za mageti. Kwamba tunayajua leo ni kwa juhudi za watafiti kama R. Hansford Worth, aliyeyapima mwanzoni mwa karne ya 20, na Tom Greeves, aliyeandika tasnifu juu ya bati la Devon la miaka ya 1450 hadi 1750. Kikundi cha watafiti wa bati la Dartmoor, kilichoanzishwa mwaka 1991, kilifukua kinu cha juu cha Merrivale kwa misimu kadhaa, wengi wao wakiwa wananchi wa kujitolea.

Kazi yenyewe haijaisha duniani. Kyerwa mkoani Kagera, na kwenye milima ya Kivu na Maniema nchini Kongo, wachimbaji wadogo bado wanaitenga kasiteraiti na mchanga kwa maji yanayotiririka, wakitegemea uzito uleule. Nako kuna mtu anayeishi chini ya mto, mwenye shamba au kisima, anayepokea kile ambacho mwenye mgodi hakukihitaji.

Mtu huyo ndiye aliyesahaulika katika hati za 1201 na 1305, zilizojaa haki za mchimbaji. Alipata sauti pale tu mbunge mmoja alipokubali kumsemea dhidi ya wenye nguvu wa mji wake, akaenda jela kwa ajili hiyo. Kinga ya mbunge haikutungwa ili imfae mbunge. Ilitungwa ili aweze kumtaja anayechafua maji bila kuogopa gereza la yule anayemtaja, na mbunge yeyote wa eneo la migodi anayekaa kimya leo anaiacha haki hiyo bila kazi.