Chakula Kilicholala

Kwa chakula cha jana Kiswahili hakikosi majina: kiporo, uporo, mwiku. Asiyetaka jina lolote kati ya hayo atasema tu kwamba chakula kimelala. Napenda zaidi usemi huo wa mwisho, maana kilicholala kinatarajiwa kuamka.

Mbinga kinaamka kwa namna kadhaa. Makande ya usiku hupashwa moto asubuhi yakaliwa na chai. Ugali hukatwa vipande ukachomwa juu ya makaa mpaka ufanye ganda. Na kuku, kama yupo, mchuzi wake huongezwa maji. Huyo wa mwisho ndiye anayenishughulisha hapa, kwa sababu kiporo cha kuku, tofauti na kiporo cha ugali, kilichelewa sana kuwa jambo la kawaida katika nyumba za huku.

Mapishi yenyewe hayazidi dakika ishirini. Nyama iliyobaki inachambuliwa kutoka kwenye mifupa na kuwekwa kando. Mifupa inarudi jikoni na maji na chumvi, ichemke ikamilishe kutoa ilichobakiza. Kwenye sufuria nyingine kitunguu kinakaangwa, nyanya inafuata, kisha supu ile inamiminwa juu yake. Nyama inarudi. Ugali wa jana unakatwa vipande vya ukubwa wa tonge na kutumbukizwa humo, moto unaachwa uwake mpaka katikati ya sufuria patokote, si pembeni tu, kwani chakula kilicholala hakitaki kupashwa nusunusu. Vipande vikishakunywa mchuzi, chakula cha jioni kiko tayari, na mtu anakula kwa kijiko kile ambacho jana angekula kwa mkono.

Marekani ya kusini wana ndugu wa chakula hiki: kuku wa mchuzi mwenye madonge ya unga wa ngano, ambaye vitabu vya upishi vilikuwa vikimwandika tangu karne ya 19. Wao hutia donge bichi liivie ndani ya supu. Sisi hutia tonge ambalo limekwisha kuiva jana. Hesabu ni ileile: kuku mmoja, watu wengi, basi unga ufanye kazi ambayo nyama haiwezi.

Lakini hesabu hiyo inadhani kwamba kuna kitu kimebaki. Katika milima hii kubakisha chakula hakukuwa jambo la hivi hivi. Katikati ya karne ya 19 Wangoni walifika kutoka kusini, wakaweka himaya zao upande wa Songea, na mashambulizi yao yakawasukuma watu waliokuja kuitwa Wamatengo wajibane kwenye miteremko na mapango ya milimani. Aliyekimbilia huko alipata usalama, ila alipata pia shamba lililosimama wima, ambalo mvua moja kubwa ingeweza kulishusha bondeni.

Jibu lao linaonekana hadi leo kwa yeyote anayepanda barabara ya Mbinga: ngoro. Nyasi hufyekwa zikalazwa katika mistari inayokatizana, kama miraba ya daftari la hesabu. Udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufunika nyasi zile, kwa hiyo kila shimo linazungukwa na matuta yenye mboji tumboni. Maji ya mvua yanaingia shimoni badala ya kukimbia na udongo. Maharage hupandwa juu ya matuta mvua zikielekea kuisha, na mahindi yanafuata msimu mwingine. Kwa desturi mwanamume ndiye aliyefyeka na kulaza nyasi, na mwanamke ndiye aliyechimba. Mwaka 1938 A. H. Pike aliandika habari za kilimo hiki katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Serikali ya kikoloni, iliyozoea kuwafundisha Waafrika jinsi ya kuhifadhi udongo, hapa ilikuta somo limekwisha kufundishwa. Ningependa kusema kwamba ilijifunza unyenyekevu, lakini historia ya miaka ya 1940 na 1950, na matuta yaliyolazimishwa sehemu nyingine za Tanganyika, hainiruhusu.

Ghala lililojazwa kwa jasho la namna hiyo lingeweza kuteketezwa kwa siku moja. Katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, majeshi ya Wajerumani yaligeuza njaa kuwa silaha: yalichoma mashamba, yakachukua au kuharibu akiba. Songea watu walinyongwa Februari 1906, na hayo ndiyo tunayokumbushwa kila mwaka, kwa haki kabisa. Waliokufa kwa njaa iliyofuata ni wengi kuliko walionyongwa, lakini njaa haina mnara wa kuwekea shada. Ukitaka kujua kwa nini bibi wa huku anakemea mtu anayemwaga ugali, usianze na tabia yake binafsi. Alilelewa na watu waliolelewa na watu walioona ghala tupu.

Hata palipokuwa na ziada, bado haikuwa na maana kwamba kuna kiporo. Wamatengo walikuwa na sengu. Ukoo uliishi kwenye kilima kimoja, nyumba za watoto wa kiume zikizunguka ya babu, na kila jiko lilipika chakula chake. Chakula hicho hakikuliwa pale kilipopikwa. Kilipelekwa kwa babu. Wanaume na wavulana walikula pamoja, wanawake na wasichana kwao, na baada ya kula yalizungumzwa yanayohusu ukoo: ugomvi wa mpaka, kijana mvivu, posa, deni. Sengu ilikuwa meza ya chakula, baraza na shule kwa wakati mmoja.

Fikiria sasa suala la kiporo ndani ya mpangilio huo. Mama aliyevuna kidogo alileta bakuli dogo, na watoto wake walishiba kama wengine. Mjane alikula. Mgeni alikula. Bakuli lako likishafika mbele ya watu, halikuwa lako tena. Chakula kilichobaki kikawa cha ukoo, na ukoo wenye wavulana kumi na wawili haubakishi kitu. Sisemi kwamba ilikuwa peponi. Bakuli dogo lilionekana na kila mtu, na aliyelileta alijua kwamba limeonekana. Vipande vizuri vilikuwa na wenyewe kwa umri na jinsia. Katika nyumba nyingi za kusini firigisi bado ina mwenyewe, na si aliyeipika.

Kahawa ilianza kulibadilisha hilo polepole. Iliingia Umatengo katika miaka ya 1920, na mti wa kahawa, tofauti na ngoro, unakaa mahali pamoja kwa miaka mingi na una mtu mmoja anayepokea malipo. Fedha ikaingia nyumbani badala ya kwenye kilima. Shule ikawachukua wavulana saa ambazo zamani walikuwa miguuni kwa babu. Kisha ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Kidogo kidogo kila nyumba ikala kwake, na hapo ndipo, kwa maoni yangu, kiporo tunachokijua kilipozaliwa: chakula kilichobaki kwenye sufuria yenye mwenyewe, kinachofunikwa kwa sahani na kungoja kesho ya watu walewale.

Sengu haikufa kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu wa Kindimba walipofanya kazi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Japani, wakajenga mashine ya kusaga inayoendeshwa na maji, kamati iliyosimamia mambo hayo ilichukua jina la Sengu. Nafurahi kwamba jina lilirudi kupitia unga.

Na kuku? Huyo alikuwa fedha ndogo yenye miguu: alilipa ada, faini, dawa, nauli. Alichinjwa alipofika mgeni, na ndiyo maana watu husema mgeni njoo mwenyeji apone. Kuku wa mgeni habaki. Kama kulikuwa na siku za kuku wengi, mara nyingi hazikuwa za furaha. Mdondo, ugonjwa ambao wengine huuita kideri, ukishaingia kijijini unaweza kumaliza banda zima kwa siku chache, na wenye kuku wakisikia umefika kwa jirani huanza kuchinja wale ambao bado wanasimama. Wiki hiyo kila nyumba inanukia supu, na watoto, ambao hawajui hesabu za mama, wanadhani ni sikukuu. Chanjo ya I-2, isiyoharibiwa upesi na joto na inayotiwa kwa tone la jichoni, ilitengenezwa pia nchini, Temeke, na imepunguza hasara mahali ilikofika. Pamoja na kuku wa kisasa wanaouzwa mjini, ndiyo sababu kiporo cha kuku leo kinaweza kuwa cha Jumanne ya kawaida, bila mgeni na bila msiba wa bandani.

Ukiteremka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita zipatazo 66 za lami zenye kona nyingi, unashuka hadi kwenye ziwa lililo chini ya mita 500 juu ya usawa wa bahari, na ugali unabadilika mkononi. Huku Liuli, Lituhi na vijiji vya pwani, muhogo ndio mwenye nyumba. Hulowekwa, huanikwa, husagwa, na mboga yake ni samaki, hasa dagaa wa ziwani wanaoitwa usipa. Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga katika miaka ya 2010, lakini sufuria zilikuwa zimetengana zamani.

Tofauti hiyo inaonekana wazi siku ya pili. Ugali wa mahindi ukilala hukauka, hukatika, na ukikaa sana kwenye mchuzi unamomonyoka na kuufanya uji. Ugali wa muhogo hubaki unanata. Ukiutupa kwenye supu ya kuku unavutika, unateleza, unashikilia umbo lake mpaka mwisho wa bakuli. Watu wa milimani wanasema una utelezi mno. Wa ziwani wanauliza kwa nini mtu ale supu yenye mchanga. Mimi ni wa milimani kwa kuzaliwa, na kwa chakula hiki kimoja nawapa ushindi watu wa ziwani, ila wapike kidogo zaidi usiku, maana kwao ugali haubaki.