Chuo Kilichovuka Bahari

Mjukuu wangu alipomaliza kidato cha sita aliniambia, "Babu, nataka kusoma chuo cha Wahindi." Moyo ulinishtuka. Miaka ya sabini baba yangu aliuza ng'ombe wanane hapa Ihumwa ili kaka yangu aende ng'ambo. Kaka hakurudi, zilirudi barua zake, nazo zikakoma. Zizi lile halikujaa tena. Basi nikamjibu kwa ukali kwamba India ni mbali.

"Si India, babu. Ni Unguja."

Niliona haya, nikamtaka anieleze. Kumbe tarehe 5 Julai 2023 yalitiwa saini mapatano, na mwaka huo huo Taasisi ya Teknolojia ya India iliyoko Madras ikafungua tawi Bweleo. Ndilo tawi la kwanza la taasisi hizo kuwekwa nje ya India, na mkurugenzi wake, Preeti Aghalayam, alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza yoyote kati yake. Walianza na masomo ya sayansi ya data na akili mnemba. (Mimi hii ya kuzaliwa nayo imenitosha.)

Kwa watu wa rika langu jambo hili si geni sana. Chuo chetu cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU pale Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiofika ishirini. Mlezi wake alikuwa Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikaunganishwa na Makerere na Nairobi kuwa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, na mwaka 1970 kikasimama peke yake. Hata hiyo taasisi ya Madras, iliyoanza 1959, ililelewa na Ujerumani ya Magharibi.

Tofauti naiona hapa: London ilikuja kulea mtoto ambaye angekuwa wetu. Hili la Bweleo ni tawi, na shina lake liko Madras. Je, litaota mizizi yake? Nilimwuliza mjukuu, akacheka, akasema yeye anataka kusoma tu.

Mama yake, mkwe wangu, ni mjane. Amekwisha kuhesabu ng'ombe. Nimemwomba asimguse mtamba mmoja mweupe. Wengine, mnunuzi anakuja Jumamosi.